Nyaya za vidhibiti mwendo: Namna ya kumchagua mtengenezaji

KITUO cha Salgaa, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, kinajulikana na madereva wa masafa marefu kwa mambo mawili: malori yanayolala hapo, na ajali zilizotokea kwenye mteremko ulio karibu nacho.

Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lililopinduka Sachangwan lilishika moto na kuwaua watu zaidi ya 100 waliokuwa wamelizingira. Mnamo Desemba 31, 2017, watu 36 walifariki eneo la Migaa basi lilipogongana na lori. Baada ya msiba huo wa pili, serikali ilijenga kizuizi cha kuyatenganisha magari yanayopanda na yale yanayoteremka.

Kila inapotokea ajali ya namna hii, swali la kwanza huwa ni kuhusu mwendo. Je, kidhibiti mwendo kilikuwa kikifanya kazi? Kilirekodi nini? Nani alikichezea?

Ni nadra kuulizwa swali jingine ambalo ni la msingi vilevile: taarifa za mwendo zilifikaje ndani ya kifaa hicho? Zilifika kwa waya. Waya huo ukiwa mbovu, kifaa kitaandika uongo hata kama chenyewe ni kizima.

Makala haya yanaeleza jinsi mwenye malori, chama cha matatu au kampuni inayoagiza vifaa vya kupimia inavyoweza kumchagua mtengenezaji wa nyaya za kutegemewa.

Sheria yataka nini

Kanuni zilizotangazwa mwaka wa 2003 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 1, 2004. Ziliyataka magari ya abiria, pamoja na magari ya biashara yenye uzani wa zaidi ya kilo 3,048 bila mzigo, yafungwe vifaa vya kuzuia mwendo kupita kilomita 80 kwa saa.

Vifaa vya wakati huo vilizuia tu. Baadaye Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, liliandaa kiwango cha KS 2295, kinachotaka kifaa kiwe pia na uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu za mwendo. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, ndiyo inayosimamia matumizi yake.

Hapo ndipo kidhibiti mwendo kilipogeuka kuwa chombo cha kupimia. Kipimo kinaweza kutumiwa kumwachisha mtu kazi, kumshtaki au kumwondolea lawama. Kwa hiyo njia inayopitishia kipimo hicho haina budi kuaminika.

Kifaa kinavyofanya kazi

Kwa kawaida kitambuzi hufungwa kwenye giaboksi, mahali pale ambapo nguvu hutoka kwenda magurudumuni. Kila gurudumu linapozunguka, kitambuzi hutoa mapigo madogo ya umeme. Sanduku la kifaa, ambalo aghalabu huwa nyuma ya dashibodi, huyahesabu mapigo hayo na kuyageuza kuwa kilomita kwa saa. Mwendo ukikaribia kiwango kilichowekwa, sanduku hupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini au hukilegeza kikanyagio cha mafuta.

Kati ya kitambuzi, sanduku, betri na injini kuna fungu la nyaya. Hizi si nyaya zilizookotwa dukani na kusokotwa pamoja. Fungu lililotengenezwa vyema hukatwa kwa vipimo, kila waya huwa na rangi na kazi yake, vichwa vyake hubanwa kwa mashine, viunganishi huzibwa maji yasiingie, na fungu zima huvishwa ala ya kulikinga.

Ni muhimu kueleza mapema kile ambacho kidhibiti hakiwezi kufanya. Kifaa kinachopunguza mafuta hakiwezi kulizuia trela lenye shehena linaloteremka bila gia. Tabia ya baadhi ya madereva ya kuondoa gia kwenye mteremko ili kuokoa mafuta imelaumiwa mara nyingi kwa ajali za Salgaa. Katika hali hiyo injini haivuti wala haizuii. Uzito wa gari ndio unaolisukuma.

Hata hivyo, kitambuzi huendelea kuhesabu kwa sababu magurudumu yanazunguka. Maana yake ni kwamba kwenye mteremko kama ule, sehemu ya kifaa inayopima ina manufaa kuliko ile inayozuia. Kumbukumbu zake humwezesha mwenye gari kumtambua dereva anayeteremka kwa kilomita 110 kwa saa na kumwonya kabla hajaua. Lakini hilo lawezekana tu ikiwa waya wa kitambuzi umeyafikisha mapigo yote, na hayo tu.

Waya unavyodanganya

Chukulia kifaa kilichowekwa kuhesabu mapigo 8,000 kwa kila kilomita. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, kifaa hupokea takriban mapigo 178 kwa sekunde.

Kiunganishi kikiwa kimelegea na pigo moja katika kila manane likapotea, kifaa kitaonyesha kilomita 70 kwa saa. Dereva ataendelea kukanyaga mafuta, na kifaa kitamruhusu avuke mpaka.

Kinyume chake pia hutokea. Waya usio na kinga ukipitishwa karibu na nyaya za jenereta ya gari, unaweza kunasa umeme wa pembeni. Ukiongeza mapigo 20 tu kwa sekunde, kifaa kitaandika kilomita 89 kwa saa ilhali gari linakwenda 80. Dereva asiye na kosa atajikuta akijieleza mbele ya mwajiri au hakimu.

Mazingira ya njia hii ni magumu kwa waya. Lori linalotoka Mombasa huanza safari kwenye joto na hewa ya chumvi, likapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi na ukungu, kisha likaendelea hadi Malaba na kwingineko. Waya unatikiswa mchana na usiku. Unarushiwa maji na kokoto kutoka chini, na kudondokewa dizeli na oili kutoka juu. Aidha, ingawa umeme wa lori ni wa volti 24, betri ikichomoka ghafla huku injini ikiunguruma, umeme unaweza kuruka kwa muda mfupi hadi zaidi ya volti 100.

Mfano wa mizani

Ugumu huu hauhusu mwendo pekee. Malori yanayopita Salgaa hupimwa uzani katika mizani kama ile ya Gilgil, na huko pia waya ni sehemu ya kipimo.

Chini ya jukwaa la mizani ya umeme huwa kuna vyuma maalumu vinavyobonyea kidogo mno vinapobebeshwa mzigo. Aina inayotumika sana, ikipewa umeme wa volti 10, hurudisha milivolti 20 tu inapofikia mzigo wake wa juu. Ikiwa mzigo huo ni tani 20, basi tani moja ni milivolti moja, na kilo 100 ni sehemu moja ya kumi ya milivolti.

Unyevu kidogo ndani ya kiunganishi watosha kuichafua taarifa ndogo kiasi hicho. Ndiyo sababu mizani nyingi hutumia nyaya sita badala ya nne: mbili za ziada hukipasha kifaa habari ya umeme uliofika hasa, ili kiweze kufidia uliopotea njiani. Katika mfumo wa nyaya nne, fundi akiukata waya na kuufupisha bila kuurekebisha upya mzani, atakuwa ameubadilisha mzani wenyewe.

Anayechagua mtengenezaji wa nyaya za kidhibiti mwendo anahitaji kuwa na hofu hiyohiyo. Waya ni sehemu ya chombo. Haufai kununuliwa kama kamba ya kufungia.

Si kila muuza waya ni mtengenezaji

Wapo watoaji wa aina tatu, na ni vyema kuwatofautisha.

Kwanza ni viwanda vya waya. Kenya imekuwa navyo tangu miaka ya 1960, kikiwemo cha East African Cables katika Eneo la Viwanda, Nairobi. Shughuli yao kuu ni nyaya za majengo na za kusambaza umeme. Kutengeneza waya mzuri wa nyumba ni ujuzi. Kukusanya nyaya kumi na mbili, kuzitia vichwa na kuzijaribu kwa ajili ya gari ni ujuzi mwingine.

Pili ni viwanda vya mafungu ya nyaya. Morocco na Tunisia ndizo zilizosonga mbele sana barani Afrika katika kazi hii, zikiviuzia viwanda vya magari vya Ulaya. Vifaa vingi vinavyofungwa katika malori ya hapa huja na mafungu yaliyotengenezwa ng'ambo.

Tatu ni karakana za mitaani, jua kali. Mafundi wake wana mikono hodari na wanalijua gari kuliko mhandisi wa mbali. Upungufu wao mara nyingi si akili bali ni vyombo: koleo la kawaida badala ya mashine ya kubania, na mkanda wa plastiki badala ya kizibo cha maji. Karakana iliyonunua vyombo vinavyofaa na kuweka kumbukumbu za kazi yake haina sababu ya kudharauliwa.

Maswali ya kuuliza

Mnunuzi asianze na bei. Aanze na maswali yafuatayo, na ayaulize kwa maandishi.

Je, una mchoro? Mtengenezaji wa kweli hufanya kazi kwa mchoro unaoonyesha urefu wa kila waya, unene wake, rangi yake, na tundu ambalo kila kichwa kinaingia. Anayesema "niletee sampuli nikuigizie" atakuigizia hata makosa.

Waya ni wa shaba tupu? Sokoni zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba. Ni nyepesi, hukatika upesi na hupitisha umeme kwa shida. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, usiukatae: hiyo ni shaba iliyopakwa bati ili isishike kutu, na inafaa zaidi.

Ganda linastahimili joto gani? Kiwango cha kimataifa cha nyaya za magari, ISO 6722, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na ISO 19642 mwaka wa 2019, huzipanga nyaya kwa madaraja ya joto. Lile la chini kabisa ni nyuzi 85 za selsiasi. Karibu na injini na bomba la moshi, lenga daraja la nyuzi 125. Uliza pia kama ganda hilo halilainiki likiguswa na dizeli.

Waya wa kitambuzi umekingwaje? Nyaya zinazobeba mapigo zinapaswa kusokotwa pamoja na kuvishwa wavu wa chuma chini ya ganda la nje. Kwa kawaida wavu huo huunganishwa na bodi upande mmoja tu, ili wenyewe usigeuke kuwa njia ya umeme wa pembeni.

Vichwa vimebanwa au vimetiwa risasi? Wengi hudhani kulehemu kwa risasi ndiko imara. Kwenye gari linalotikisika si hivyo. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzigandisha, na pale inapokoma ndipo waya unapokatikia. Kubana kwa mashine iliyorekebishwa ndiyo njia inayokubalika. Jaribio jepesi ni hili: waya wa milimita mraba 0.5 uliobanwa vyema hauchomoki ukining'inizwa uzani wa kilo 5.

Viunganishi vina kinga ya daraja gani? Kwa vile vilivyo chini ya gari, daraja la IP67 ndilo la kulenga: vumbi haliingii kabisa, na kiunganishi hustahimili kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30.

Unajaribu mangapi? Jibu linalotakikana ni "yote". Kila fungu lipitishwe kwenye mashine inayohakikisha kwamba kila waya umefika unakopaswa na haugusani na mwingine. Anayejaribu moja katika kila kumi anakuuzia tisa kwa imani.

Nikikuletea fungu lililoharibika, utanieleza lilitengenezwa lini? Kila fungu liwe na kibandiko chenye namba, na namba hiyo imwelekeze mtengenezaji kwenye tarehe, mashine, na shehena ya waya iliyotumika. Bila hilo, kasoro moja ikigunduliwa huwezi kujua ni malori mangapi mengine yanayo.

Vyeti na maana yake

Mtengenezaji atakuonyesha vyeti. Vingine vina uzito, lakini ni muhimu kujua kila kimoja chasema nini.

Cheti cha ISO 9001 chasema kwamba kampuni ina utaratibu na inaufuata. Hakisemi lolote kuhusu fungu ulilolishika mkononi. IATF 16949 ni utaratibu wa viwanda vinavyohudumia watengenezaji wa magari, nao ni mkali zaidi. Kiwango kinachohusu kazi yenyewe ya mafungu ya nyaya huitwa IPC/WHMA-A-620. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 2002 na kina madaraja matatu; la tatu ni la vyombo ambavyo havipaswi kukosea. Uliza ni daraja lipi unalouziwa.

Bidhaa zinazotoka nje husimamiwa na mpango wa KEBS wa kukagua ubora kabla ya kusafirishwa, ulioanza mwaka wa 2005. Ikumbukwe kwamba kifaa hukaguliwa kikiwa kizima. Fundi wa hapa akiliondoa fungu la awali na kuweka lake, kilichokaguliwa si tena kile kilichofungwa.

Kuzuia mikono

Si kila hitilafu ya waya hutokana na ubovu. Nyingine hutokana na mkasi. Waya wa kitambuzi ukikatwa, kifaa huona gari limesimama. Ukiwekewa swichi ya siri, dereva huuchagua ukweli anaoutaka.

Katika Umoja wa Ulaya, malori mapya yalianza kufungwa vinasa mwendo vya kidijitali Mei 1, 2006. Kitambuzi chake huzungumza na sanduku kwa ishara zilizofumbwa, na mawasiliano yakikatika, saa na tarehe huandikwa. Si lazima mnunuzi wa Nakuru apate teknolojia hiyo yote. Anaweza hata hivyo kudai mambo matatu: fungu lisilo na kiungio katikati, viunganishi vinavyotiwa lakiri, na kifaa kinachoandika wakati umeme au kitambuzi kilipokatwa.

Kumbukumbu ya waya kukatwa saa nane usiku juu ya mteremko ni ushahidi sawa na kumbukumbu ya mwendo wenyewe.

Bei na upatikanaji

Bei nafuu ina mvuto, hasa kwa mwenye lori moja linalolipiwa mkopo. Lakini hesabu iwe kamili. Weka kwenye mizani gharama ya fungu, ya fundi wa kulifunga, na ya siku ambazo lori litasimama Salgaa likisubiri waya kutoka Nairobi. Fungu la bei nusu linalodumu miezi sita ni ghali kuliko la bei kamili linalodumu miaka mitano, hata kabla ya kuhesabu faini na kesi.

Upatikanaji pia ni sehemu ya uchaguzi. Mnamo Machi 2022, vita vya Ukraine viliposimamisha viwanda vya mafungu ya nyaya nchini humo, kampuni kubwa kama Volkswagen na BMW zililazimika kusitisha baadhi ya kazi zao Ujerumani. Magari ya mamilioni ya pesa yalikwama kwa kukosa nyaya. Anayemtegemea mtoaji mmoja wa mbali anapaswa kuwa na akiba ghalani, au mtengenezaji wa pili aliyekwisha kumjaribu.

Kabla ya kutia sahihi

Usiagize mafungu 200 kwa kuiamini sampuli moja nzuri. Agiza machache, uyafunge kwenye malori matano yanayokwenda njia yote, na uyaache yapite msimu mmoja wa mvua. Kila mwezi, linganisha mwendo ulioandikwa na kifaa na ule wa chombo cha setilaiti. Tofauti ndogo isiyobadilika yaweza kurekebishwa. Tofauti inayoruka-ruka ni dalili ya waya au kiunganishi.

Baada ya hapo, fungua fungu moja. Tazama kama viunganishi vimeingia kutu, kama ala imechubuka, na kama vichwa vingali vimeshika. Mtengenezaji anayekubali kuwapo siku hiyo ya kufungua, na asiyetafuta visingizio, ndiye wa kufanya naye kazi.

Mkataba utaje mchoro kwa namba yake, daraja la kazi, muda wa dhamana, na sharti kwamba waya au kiunganishi hakitabadilishwa kwa aina nyingine bila idhini ya mnunuzi. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika mara nyingi. Sampuli huwa ya shaba, na shehena ya tatu ikawa ya alumini.

Mwisho, madereva washirikishwe. Wao ndio wanaoiona taa ya kifaa ikizimika mlima Sachangwan na kuwaka tena Salgaa. Dereva akijua kwamba kumbukumbu sahihi inaweza kumtetea mahakamani, atauripoti waya uliolegea badala ya kuufurahia. Mwenye gari naye aupokee ujumbe huo kwa uzito, na alisimamishe lori hadi waya utengenezwe.